Uzi wa shali na skafu ya mduara: upi ununue kwanza, upi usubiri

Mwezi wa saba Njombe, asubuhi ambayo majani yameganda, hakuna anayeuliza kama shali ni urembo. Watu wanataka joto. Hata hivyo nimeona shali nyingi nzuri, zilizofumwa kwa wiki nzima, zikiishia kabatini kwa sababu moja tu: zinawasha shingo.

Kwa hiyo dukani usiupime uzi kwa kiganja. Kiganja kimezoea jembe na sufuria, hakisikii. Uweke chini ya kidevu, ukae nao dakika mbili huku ukiangalia nyuzi nyingine. Ukianza kujikuna, urudishe, hata kama rangi yake imekukosha moyo.

Namba moja ni sufu ya merino, aina ya kondoo mwenye manyoya laini. Kondoo wetu wengi, kama wale wekundu wa Kimaasai, wana singa na si sufu ya kusokota, ndiyo maana uzi huu bei yake imechangamka. Unastahili. Unywele wa merino ni mwembamba, kwa kawaida chini ya mikroni 24 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hivyo hauchomi ngozi. Umejikunja kama chemchemi na kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo joto lenyewe. Tena hunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, jambo la maana sana kwenye manyunyu ya asubuhi. Adui yake ni maji ya moto na kufikicha: hugandamana, shali ya mtu mzima ikawa ya mtoto. Kama lebo inasema unafulika kwa mashine, umetibiwa usigandamane, lakini huo hurefuka ukilowa. Usiutundike kambani. Uutandaze juu ya taulo.

Namba mbili ni mchanganyiko wa sufu na akriliki au nailoni, yaani nyuzi za kiwandani zisizotoka kwa mnyama wala mmea. Huu ndio ningemfumia mama mkwe. Joto lipo, bei inavumilika, na hutakuwa na wasiwasi juu ya nani anafua na anafuaje.

Namba tatu ni akriliki tupu, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani kuanzia Kariakoo hadi minadani, na ndiyo inayofumiwa shali nyingi za kubebea watoto. Sifa zake ni za kweli: ni nafuu, haichuji ovyo, haisinyai. Lakini akriliki ikikutana na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Katika nyumba inayopata joto kwa jiko la mkaa, hiyo si hatari ndogo. Mama anayeinama jikoni, au mtoto anayetambaa, ningemfumia sufu hata kama shali itakuwa fupi, kwa kuwa sufu huwaka kwa shida. Ukiamua akriliki, sugua uzi mmoja kwa vidole mara ishirini. Ukianza kutoa manyoya, utaota vitufe kabla ya mwezi kwisha. Tafuta uliosokotwa kwa kukazwa. Pasi ya moto usiipitishe kabisa, maana uzi hulegea na haurudi tena.

Namba nne, pamba, ni ya Tanga, Mombasa, na wanaopigwa na kiyoyozi ofisini. Kwa mtandio mwepesi inapendeza. Kwa skafu ya mduara siipendekezi: ni nzito, hainyumbuki, na baada ya wiki chache ile iliyokaa shingoni inaning'inia kifuani.

Mohair, uzi wa manyoya ya mbuzi wa Angora, nimeiweka mwisho, na si kwa ubaya. Ni nyepesi kama ukungu. Ila ukikosea, vitanzi havifumuki, na manyoya yake hayafai karibu na pua ya mtoto mchanga. Inunue ukiwa umeshafuma shali mbili tatu.

Kuhusu unene, soma mita dhidi ya gramu. Kwa shali chukua uzi wenye kama mita 400 kwa gramu 100, madonge mawili kwa pembetatu ya mtu mzima, na sindano ya milimita 4 au 4.5 ili kitambaa kilale vizuri mabegani. Kwa skafu ya mduara chukua mnene zaidi, mita 200 hadi 250 kwa gramu 100. Donge moja linatosha.

Rangi sasa. Toka nje ya duka, maana taa hudanganya, na ulete uzi usoni. Kama shali itavaliwa na kitenge fulani, nenda nacho, kisha chagua rangi ile ndogo iliyojificha kwenye maua yake badala ya ile iliyotawala. Ukitaka rangi mbili za nakshi, zipige picha isiyo na rangi kwa simu. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile, na nakshi yako ikapotea. Uzi wenye rangi nyingi usiufumie matundu, hayataonekana. Huo mpe ufumaji wa kawaida.

Lowesha kipande kidogo cha nyekundu au bluu iliyokolea, ukibane kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha doa, usikipange na nyeupe.

Mwisho angalia namba ya loti, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwa mkupuo mmoja, si namba ya rangi peke yake. Madonge yote yatoke loti moja, na uyanunue siku hiyohiyo. Yakikosekana, fuma mistari miwili kwa donge hili, miwili kwa lile, tangu mwanzo hadi mwisho, ili tofauti isijikusanye mahali pamoja.