Dawa ya mswaki isiyofika euro moja, na meno yangu ya Ngarenanyuki

Mimi ni mtu wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, na meno yangu ni ya kahawia. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wanaosifia dawa za mswaki wana meno meupe na wanataka yawe meupe zaidi. Sisi wa Arumeru tukiwasoma tunatoka patupu. Nina mwaka wa tatu sasa Chemnitz, mashariki mwa Ujerumani, nasomea uuguzi huku nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu nifike nimepitia dawa nne. Ninayoisifu leo ni Dontodent Sensitive, yaani ya meno yanayoshtuka kwa baridi, dawa ya duka la dm lenyewe (maduka ya vitu vya usafi yaliyoenea Ujerumani), tyubu kubwa ya mililita 125, na bei yake haifiki euro moja.

Niseme ilivyo mdomoni. Ni nzito kiasi, inatulia juu ya mswaki. Povu lake ni la wastani na minti yake ni ya upole, haichomi ufizi. Anayependa kinywa kibaki na ubaridi mpaka saa nne asubuhi hataupata hapa. Mimi sikuununua ubaridi. Niligeuza tyubu nikasoma nyuma, nikakuta namba niliyokuwa naitafuta: 1450 ppm F, yaani sehemu 1,450 za floraidi, madini yanayolinda jino lisitoboke, katika sehemu milioni moja za dawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu dawa za kawaida kuvuka 1,500, kwa hiyo hii imekaa karibu kabisa na ukomo. Nyingi za bei kubwa zilizopangwa rafu hiyo hiyo zina namba hiyo hiyo.

Nilipomtumia mama picha ya tyubu, alinipigia palepale.

"Mwanangu, hapo wameandika floraidi. Si ndiyo hiyo iliyowaharibu meno nyote? Itupe."

Namwelewa mama, na najua wengi wa kwetu walioko nje wana hofu hiyo hiyo. Nina mwenzangu kutoka Usa River ambaye kwa miaka miwili alitumia dawa isiyo na floraidi kabisa, aliyoinunua kwa bei ya juu, na sasa ana magego mawili yaliyotoboka. Kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze hili kwa kirefu.

Maji ya kwetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu zaidi ya hapo, hadi miligramu 8 na baadaye 4, kwa kuwa sehemu nyingi za vijijini hazikuwa na maji mengine. Sisi tulichota mtoni, tukanywa, tukapikia, na maharage tukayalainisha kwa magadi, nayo magadi yana floraidi yake. Lakini doa la kahawia haliingii kwa kupiga mswaki. Linaingia kwa kumeza, na linaingia wakati jino bado linaumbika ndani ya ufizi, tangu utotoni mpaka kwenye miaka minane hivi. Jino likishakamilika, mlango umefungwa. Mimi nina miaka 27. Dawa naiweka juu ya jino kisha naitema, na floraidi inayobaki pale juu inalisaidia jino kupambana na asidi inayotoboa. Jino la kahawia nalo linatoboka, tena yale yaliyoathirika sana yana vishimo na gamba linalobanduka, kwa hiyo linahitaji ulinzi kuliko jino la jirani yangu Mjerumani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma." Sidhani kama nilimridhisha.

Kabla ya kufika hapa nilikosea kwa pesa nyingi. Mwaka wa kwanza niliona tangazo la dawa nyeusi ya mkaa, inayodai kung'arisha meno kwa siku 14. Jina lake naliacha. Niliipiga asubuhi na jioni kwa wiki tatu, nikiegemea sinki, nikisugua kwa nguvu meno mawili ya mbele ya juu, maana ndiyo watu wanayoyaona nikisalimia. Doa halikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni ufizi, na maji baridi ya bombani yakaanza kunipiga mpaka kwenye sikio. Baadaye nilielezwa kwamba dawa za namna ile zinakwangua kama msasa. Madoa ya chai na sigara yako juu ya jino, hayo unaweza kuyasugua. La kwetu limo ndani ya gamba lenyewe. Ukilifuata kwa kukwangua unamaliza gamba. Ndiyo maana nikachagua aina ya Sensitive, kwa sababu dawa za aina hiyo kwa kawaida husugua kwa upole. Mwezi wa pili hivi, meno kufa ganzi kwa baridi kukapungua. Sasa nakunywa maji ya friji bila kuyapeleka upande mmoja wa mdomo.

Kuhusu madaktari nitasema kidogo, ila hiki kimoja nakisema chote. Daktari wa meno wa kwanza niliyemwendea hapa alinifungua mdomo, akaniuliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikasema sivuti. Akauliza kahawa. Nikasema mara moja moja. Akauliza tena sigara. Kijerumani changu wakati ule hakikutosha kumweleza mto wa kwetu, nikanyamaza. Nilitoka na bili ya euro 110 ya kusafishwa meno, na madoa yakiwa palepale. Wa pili, mama wa makamo, alikausha meno yangu kwa hewa, akanipa kioo nishike mwenyewe, akanionyesha vistari vyeupe vilivyolala kama mawimbi pembeni mwa kahawia. Akauliza, "Umekulia wapi?" Nikasema Tanzania, karibu na mlima wa volkano. Akasema neno moja, Fluorose, yaani meno yaliyoathiriwa na floraidi nyingi, akaongeza kwamba si uchafu na wala si uzembe wangu. Machozi yalinitoka palepale kwenye kiti. Miaka yote nilikuwa nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Huyo ndiye aliyenifundisha kupiga mswaki upya. Kwetu ukimaliza unasukutua kwa kikombe kizima cha maji mpaka ladha yote iishe, na ndivyo nilivyofanya tangu nikiwa mdogo. Yeye alisema tema tu, usisukutue, la sivyo floraidi uliyoinunua umeimwaga kwenye sinki. Wiki ya kwanza nilisikia vibaya, kama nimelala bila kunawa. Nikazoea. Aliniandikia pia elmex gelée, jeli yenye floraidi 12,500 ppm, ya kupaka mara moja kwa wiki. Hiyo huipati dm, ni ya duka la dawa tu, na iwekwe mbali na watoto. Dawa ya elmex ya kila siku niliwahi kuitumia na sina neno baya juu yake, ila tyubu ni mililita 75 na nililipa zaidi ya mara tatu ya bei ya hii. Stiftung Warentest, wale wanaopima bidhaa hapa Ujerumani, zaidi ya mara moja wamezipa dawa za bei ndogo za maduka yenyewe alama za juu kabisa. Mwanafunzi mwenye posho kama yangu anaweza kutembea na hilo bila wasiwasi.

Jambo la karatasi, kwa waliofika juzi: omba kijitabu kinachoitwa Bonusheft siku ya kwanza unapokwenda kwa daktari wa meno. Kila mwaka ukienda kuangaliwa kinapigwa muhuri. Kuangaliwa kwenyewe bima ya umma inalipa, na kuondolewa ugaga mara moja kwa mwaka pia. Kawaida bima inachangia asilimia 60 ya gharama ya msingi ya meno ya kuwekewa; ukiwa na mihuri ya miaka mitano mfululizo inakuwa 70, na ya miaka kumi, 75. Rafiki yangu wa Kisumu alikitupa chake akidhani ni tangazo.

Sasa nirudi kwenye kile kilichonifanya niandike. Kazini zamu ya jioni mimi ndiye ninayeosha meno ya bandia ya wazee wa ghorofa ya pili. Unajaza maji kwenye sinki kwanza, ili yakiteleza yaangukie maji yasivunjike, na unayasugua kwa sabuni laini, si kwa dawa ya mswaki, maana dawa inayachuna. Kuna babu wa miaka 84 ambaye huyatoa mwenyewe na kunikabidhi kiganjani, taratibu, kama mtu anayekupa yai. Jioni moja aliniangalia nikitabasamu akaniuliza kuhusu meno yangu, waziwazi, kama wazee wanavyouliza. Nikamweleza, safari hii Kijerumani kikatosha.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mji huu, ulipoitwa Karl-Marx-Stadt, ulikuwa ukitia floraidi kwenye maji ya bomba. Walianza mwaka 1959, wakilenga kama miligramu moja kwa lita, ili watoto wasitobokwe meno. Mambo hayo yaliachwa baada ya Ujerumani mbili kuungana. Watoto wake, alisema, walikunywa maji hayo, na meno yao yalikuwa mazuri kuliko yake.

Nilisimama na meno yake mkononi nikiwaza. Kitu kile kile. Huku kulikuwa na mafundi wanaokipima kwa miligramu kabla hakijafika kwa mtoto, na kwetu mtoto alikunywa chochote mto ulicholeta. Siku hizi Wajerumani hawakitii majini, wanakitia kwenye baadhi ya chumvi za madukani, na pakiti imeandikwa wazi. Mtu anachagua.

Basi Dontodent Sensitive naipa nyota nne na nusu. Kwa mtu mzima wa kwetu anayeishi Ujerumani inatosha kabisa, asubuhi na usiku, pamoja na uzi wa meno kabla ya kulala. Haitaondoa kahawia, na usinunue yoyote inayokuahidi hivyo. Ukitaka rangi ibadilike, hiyo ni kazi ya daktari, na gharama yake ni ya kukaa chini na kupiga hesabu. Mimi bado sijaamua. Siku hizi naona picha zangu na naziacha zilivyo.

Desemba naenda nyumbani. Nimeshanunua tyubu sita, tatu za mama na tatu za kaka. Za mtoto wa dada yangu sikununua hapa. Ana miaka mitatu, na meno yake ya utu uzima yanaumbika sasa hivi ndani ya ufizi. Dada atamwekea dawa kiasi cha punje ya njegere na kumfundisha kutema, lakini kwa mtoto wa Ngarenanyuki jambo la kwanza ni kikombe anachonywea. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Fedha ambazo zingeishia kwenye dawa za kung'arisha nimeziweka pembeni tangu Machi, na fundi ameshapima paa la dada kwa ajili ya mifereji. Tenki ni la lita 2,000. Halitafika mwisho wa kiangazi kwa nyumba nzima, kwa hiyo tumekubaliana: maji ya tenki ni ya mtoto kunywa na ya uji wake, wakubwa tuendelee na mengine.