Wasifu wa kazini kwenye simu: uzoefu wangu baada ya ofisi kunifutia simu nzima

"Dada, kama ulitaka mambo yako yabaki yako, ungenunua simu ya pili."

Nimejaribu mara tatu kuandika kwa utulivu maoni haya kuhusu wasifu wa kazini (work profile), yaani sehemu ya simu ya Android inayotengwa kwa mambo ya ofisi peke yake, na mara zote tatu maneno hayo yamenirudia, basi acha yakae hapo juu. Aliyenitamkia ni kijana wa IT wa ofisi niliyokuwa nafanyia kazi, mbele za watu, macho yake hayajatoka kwenye kompyuta. Simu yenyewe niliinunua kwa hela yangu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Bando la kupokelea barua pepe zao nilikuwa nanunua mimi. Likiisha katikati ya mwezi, bosi aliuliza kwa nini sijajibu, hakuuliza nimebakiwa na shilingi ngapi.

Nilikuwa kitengo cha mauzo, nazunguka maduka ya Tandika na Mbagala kuchukua oda za sabuni na mafuta. Siku naripoti kazini kijana huyo alichukua simu yangu, akaweka barua pepe ya ofisi, ukatokea ukurasa mrefu wa ruhusa, akabonyeza kukubali, akanirudishia. Dakika mbili hazikufika. Kwenye ukurasa ule, kama nilivyokuja kujua baadaye, kulikuwa na mstari unaoipa ofisi ruhusa ya kufuta data yote ya simu. Siyo barua pepe tu. Yote. Hakunisomea. Mimi pia sikusoma, na hilo nalibeba.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Tuna sanduku lenye makufuli matatu, kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, na halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo mbele ya kikundi. Masika ile tulipitisha kama wiki tatu bila kukutana, mara mvua, mara msiba, kwa hiyo akina mama wakawa wananitumia fedha kwenye simu, na wengine wakanipa mkononi tukikutana njiani. Nani kalipa hisa, nani rejesho la mkopo, nani mfuko wa jamii, vyote nilikuwa naandika kwenye simu nikisubiri siku ya kikao tuingize kwenye daftari. Sauti zao za WhatsApp zilikuwa humo humo: "Mweka hazina, ile elfu ishirini niliyotuma, kumi na tano hisa, tano rejesho."

Siku ya tukio nilishuka kwenye bajaji Mbagala Rangi Tatu, nikaiacha simu kwenye kiti. Nilipogutuka niliazima simu dukani nikapiga ofisini, kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa: ukipoteza simu, toa taarifa hapo hapo. Nilimwambia kijana wa IT aizuie barua pepe ya ofisi, asije mtu akaisoma. Nilisema barua pepe. Neno lenyewe nalikumbuka.

Haikupita saa moja, dereva wa bajaji akarudi pale pale aliponishusha, ananitafuta. "Dada, simu yako hii hapa, imezima chaji." Nikampa elfu kumi, akakataa, akachukua hela ya kumrudisha kijiweni tu. Nikapiga tena ofisini: simu nimeipata, ninayo mkononi, usifanye chochote. Akanijibu, "Sawa."

Nikaomba chaji kwa wakala wa jirani. Simu ikawaka, nikawasha data nimtumie bosi oda za asubuhi. Ikazima yenyewe kiganjani mwangu, ikawaka tena na maandishi kwamba inafuta. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Yule dada wakala alidhani nimepata habari ya msiba.

Nimeuliza watu wengi kuhusu jambo hili tangu siku ile. Amri ya kufuta simu kwa mbali haifanyi kitu mpaka simu iguse intaneti. Yangu ilikuwa imezima, kwa hiyo amri ilikuwa bado inasubiri, na amri inayosubiri inaweza kufutwa kabla haijaifikia simu. Tena mifumo mikubwa ya barua pepe za ofisi inampa msimamizi njia mbili, kufuta simu nzima au kuondoa akaunti ya ofisi peke yake na kuacha mengine yote. Alipewa nafasi mara mbili. Ya kwanza alichagua kubwa. Ya pili aliniambia sawa, akaendelea na shughuli zake. Dereva wa bajaji asiyenijua hata jina alinitunzia simu yangu na kila kilichokuwemo, na mtu anayelipwa mshahara kulinda taarifa ndiye aliyeziteketeza.

Nilipomfuata mezani kwake kesho yake ndipo alipotamka yale maneno. Simu ya pili! Mshahara ule ule, bando mbili, chaja mbili, simu mbili za kuchungia mkoba ndani ya daladala, ili yeye asilazimike kusoma maandishi yaliyo mbele ya kidole chake.

Kikoba niliwaeleza nikiwa nimesimama. Kampuni ya simu ilinipa taarifa ya miamala, na inaonyesha vizuri nani katuma kiasi gani, lakini haisemi kilikuwa cha nini, na fedha za mkononi haizijui kabisa. Nakala ya WhatsApp ya mwisho ilikuwa ya miezi kadhaa nyuma, kwa sababu niliiweka isubiri Wi-Fi kuokoa bando, na Wi-Fi nilikuwa naipata kwa nadra. Tulibishana kikao kizima kama elfu arobaini za mama mmoja zilikuwa hisa au rejesho. Mwishoni nililipa 184,000 kutoka mfukoni mwangu ili hesabu zikubali. Hakuna aliyeniita mwizi. Lakini wapo wawili ambao tangu siku ile wakinipa fedha wanaita shahidi, na siwezi kuwalaumu.

Sasa niseme kuhusu huu wasifu wa kazini, maana ndicho nilichokuja kukieleza.

Ofisi niliyopo sasa nilikataa kuwekewa chochote mpaka nielezwe. Dada wa IT hakuchukia. Alivuta kiti, akaniambia, "Kaa dada yangu, tuifanye pamoja, simu ishike wewe." Tulitumia kama dakika ishirini. Simu ikagawanyika: kwenye orodha ya programu kukawa na upande wa binafsi na upande wa kazini, na kila programu ya kazini ina alama ya kijimkoba ubavuni, huwezi kukosea. Barua pepe ya ofisi, kalenda yao, mafaili yao, vyote vinakaa kule. Picha ninazopiga upande wangu ofisi haizioni. Programu nilizoweka upande wangu haizioni, wala meseji zangu. Wanachoweza kunilazimisha ni kama kuweka nywila ngumu ya kufungua simu, na hilo wana haki. Nikinakili maandishi kwenye faili la ofisi, hayakubali kubandikwa kwenye WhatsApp yangu, jambo lililonikera wiki ya kwanza na sasa naliona ni sahihi. Ijumaa jioni nazima upande wa kazini kwa kugusa mara moja, programu zao zinakuwa kijivu na hazitoi mlio mpaka niziwashe mwenyewe.

Nikamwambia dada yule: ufute, nione. Akanitazama kidogo, nikamweleza habari ya kikoba, akaelewa. Akaenda kwenye kompyuta yake, akatuma amri ya kuondoa wasifu wa kazini. Nilishika simu kwa mikono miwili. Vijimkoba vikapotea. Nikafungua picha zangu, zipo. Nikafungua daftari la kikoba, lipo, nikacheza sauti ya mama mwenyekiti mpaka mwisho, yupo anaongea. Nililia pale ofisini, sioni aibu kulisema. Kisha tukaweka wasifu upya tangu mwanzo, na yeye hakulalamika kurudia kazi.

Siku ile ningetoa nyota tano, na kama kungekuwa na sita ningetoa sita.

Halafu usiku nikakosa usingizi. Kwa sababu kitu hiki si kipya. Kimekuwepo tangu Android 5.0, ya mwaka 2014. Simu yangu ya Kariakoo ilikuwa na toleo la juu zaidi ya hapo, ilikuwa na uwezo wa kugawanyika siku ile ile yule kijana alipoishika. Sikuhitaji simu ya pili. Nilihitaji dakika ishirini za mtu na kiti. Akina mama wa kikoba, wengine hawakumaliza darasa la saba, wanajua kwamba funguo zote hazikai kwa mtu mmoja. Ofisi yenye kitengo kizima cha IT ilimpa kijana mmoja ufunguo wa picha za watoto wangu na hesabu za watu wasiohusika na sabuni wala mafuta yao.

Kwa hiyo tano naziondoa. Wasifu wenyewe una mapungufu, tusidanganyane. Simu za kawaida na SMS hautenganishi, angalau kwangu: nimeweka laini mbili, ya kazi na yangu, lakini meseji za miamala ya kikoba na za wateja zinaingia kapu moja. Kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, programu zikikaa mara mbili utausikia uzito. WhatsApp ya biashara dada alinikubalia niiweke upande wa kazini kwa laini ya pili, na inafanya kazi vizuri, ila bosi bado anatupa orodha ya bei kwenye grupu la WhatsApp yangu ya binafsi, saa nne usiku. Hilo hakuna programu itakayolizuia mpaka bosi aambiwe.

Na kuna watu wananiambia, "Ungeficha vitu vyako kwenye Secure Folder ya Samsung." Ile ni folda yenye kufuli lake ndani ya simu, nzuri kwa kumzuia mtoto anayechezea simu au mtu anayechungulia picha. Simu ikifutwa nzima, nayo inafutwa pamoja na mengine. Tafadhali msiwaambie watu kwamba ingeniokoa.

Jambo lingine ni kwamba simu ikiwa ya ofisi, waliyoinunua wao, hesabu ni nyingine, wana mamlaka makubwa zaidi juu yake na wanaweza kuifuta yote. Hiyo usiweke kitu chako hata kimoja. Ninayosema hapa ni kwa simu uliyonunua mwenyewe. Kabla hujaikabidhi, uliza: mnaweka wasifu wa kazini au mnajipa usimamizi wa simu nzima? Akikwambia "ni ile ile", chukua simu yako. Na kama tayari wameweka, ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta programu zenye usimamizi wa kifaa, usome zimepewa ruhusa gani. Mimi ningesoma mistari minne tu, kikoba changu kingekuwa salama.

Nyota nne basi. Naandika nne na mkono unakataa, kwa sababu kila nikisifu mfumo huu nasikia kama namsamehe yule kijana, na sijamsamehe. Nne ni za wasifu na za dada aliyevuta kiti. Yule kijana na ofisi yake hawana hata nusu.

Nimewaandikia barua. Nimetaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nikaomba mambo mawili: maelezo ya maandishi kwa nini vitu vyangu binafsi vilifutwa nikiwa nimeshasema simu imepatikana, na 184,000 zangu. Nakala yenye mhuri wa mapokezi yao ninayo. Wakinyamaza nitaipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakijibu, nitarudi hapa niandike walichosema.