Uzoefu wangu na kliniki ya mkunga wiki za mwisho za mimba (Kigoma mjini)

Kadi ya kliniki ya mimba yangu ya pili bado ninayo, ina doa la mawese pembeni maana nilikuwa naiweka kwenye mkoba wa sokoni, na nisingeandika haya yote kama sio hiyo kadi. Kituo chenyewe sitaji jina, ni kituo cha afya cha serikali hapa Kigoma mjini, wenyeji wengine mtakijua tu kwa maelezo. Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja waliyoikosa nitaisema huko mbele.

Mtoto wa kwanza nilizaa 2015 na kipindi kile kliniki ilikuwa mara 4 tu basi. Safari hii nikaambiwa ni mara 8, ule utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016, na mwishoni ndo zinakaribiana kabisa, wiki ya 34, 36, 38 na 40. Nikaona usumbufu kwa kweli, mimi nakaa Ujiji, kila mara daladala mpaka Mwanga na lile tumbo na jua lile, lakini sa hivi nasema bora nilienda.

Wiki ya 34 nilimkuta mkunga mmoja mtu mzima, mpole, anaongea taratibu kama anabembeleza. Wengi wanadhani kliniki ni kupimwa uzito na kupewa vidonge, huyu alinilaza kitandani akaanza kupapasa. Alishika juu kabisa chini ya mbavu akaniambia mdogo wangu lete mkono wako hapa, nikashika kitu kigumu cha mviringo, ukikisukuma kinachezacheza. Akasema hiki ni kichwa, yaani mtoto katanguliza matako. Nikaanza kulia pale pale. Akacheka akasema wiki ya 34 bado ana nafasi ya kugeuka mwenyewe, tukifika 36 hajageuka ndo nakuandikia ukapige ultrasound na uonane na daktari. Akapima tumbo kwa ile tepu ya fundi cherehani, sentimita 33, akaniambia hesabu yake inakaribiana na wiki kwa hiyo mtoto anakua vizuri. Af akaweka kile kikoni tumboni kwangu na sikioni kwake akasikiliza moyo wa mtoto huku anaangalia saa, akaandika 142. Kumbe kawaida ni 110 mpaka 160 kwa dakika, mimi moyo wangu ungekuwa hivyo ningekuwa nimeshazimia.

Wingi wa damu sasa. Ilikuwa 9.8 na inatakiwa ifike 11. Akaniuliza unakula udongo? Nikakataa. Akaniangalia tu. Nikasema ndio dada, kidogo. Wajawazito wenzangu mnajua ule udongo wa pemba wa sokoni unavyonukia mvua ikinyesha, lakini akanieleza kwamba inachangia damu kushuka, na kosa langu lingine nilikuwa namezea FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, kwa chai ya rangi, kumbe chai inazuia ile dawa isifanye kazi vizuri. Nimezee maji au juisi ya chungwa. Chakula hakunitajia maini na mayai ya kila siku kama wanavyoandikaga kwenye mabango, alisema dagaa unao, maharage yapo, sombe (kisamvu) ipo, kula hivyo. Hapo nilimpenda. Ukimeza FEFO choo kinakuwa cheusi, msishtuke kama mimi nilivyoshtuka.

Nikarudi nyumbani na habari ya matako, mama mkwe akasema kuna bibi huku Ujiji anakanda tumbo mtoto anageuka, na ana mizizi ya kuleta uchungu haraka siku ikifika. Mama mkwe wangu nampenda na siwezi kumjibu vibaya, nikamwambia mama ngoja nimuulize sista kwanza. Wiki ya 36 nikamuuliza, na nikaenda naye mama mwenyewe makusudi. Mkunga akamwamkia shikamoo mama, akamkalisha, akamweleza taratibu kwamba kukanda kwa nguvu kunaweza kuachanisha kondo la nyuma mtoto akafia ndani, na ile mizizi inaleta uchungu mkali usiopimika, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa mtu ambaye ameshazaa. Mama mkwe akanyamaza, baadae kwenye daladala akasema huyu binti ana adabu. Na mtoto alikuwa ameshageuka mwenyewe jamani, kichwa chini! Damu nayo ikawa 10.9.

Siku hiyo hiyo mume wangu alikuja, ametoka kwenye dagaa zake Kibirizi ananuka hivyo hivyo, tukarudia kupima HIV maana mwishoni wanarudia hata kama mwanzo ulipima. Nikamezeshwa na vidonge vyangu 3 vya SP vya kukinga malaria mbele ya nesi. Halafu ndo tukakaa kupanga siku ya kuzaa, na hiki ndo nilichokiona cha maana kuliko vyote: nani atakusindikiza, usafiri wa usiku ni wa nani na namba yake iko wapi, nani atakutolea damu ikihitajika, pesa kiasi gani mmeweka. Mume wangu alikuwa anaitikia ndio ndio, mkunga akamwambia baba andika. Akaandika. Tukapewa na namba ya bure ya m-mama, 115, kwa dharura ya usafiri. Alituambia wapo wajawazito wa huko vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, Sigunga, Buhingu, Kalya, wanaokuja mjini wiki kadhaa kabla wanakaa kwa ndugu sababu boti usiku ni kubahatisha, nyie mko Ujiji hamna sababu ya kuchelewa.

Dalili za hatari alinitajia mpaka nikazikariri na akanirudishia maswali kama mwalimu: damu kutoka, kichwa kuuma sana kusikoisha, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, homa, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni peke yake sio kitu sana, ila uso ukivimba njoo. Presha ikigonga 140/90 wanaangalia na protini kwenye mkojo, maana ndo njia ya kifafa cha mimba.

Sasa ile nyota moja. Wiki ya 38 yule mkunga hakuwepo, nilikuta nesi mwingine na foleni ya kufa mtu, nimefika saa 1 asubuhi nimeingia saa 6. Hakunipima presha. Alichukua kadi akaangalia ya mara iliyopita, 118/76, akaiandika vile vile. Niliona kwa macho yangu. Nikamwambia dada mbona mashine hujaniwekea, akasema kwa sauti mpaka benchi zima wakageuka, mnajifanya mnajua, kazaeni nyumbani basi. Nikatoka, machozi yananilenga, nimekaa nje chini ya mwembe. Af nikajisemea siondoki. Nikasubiri, nikaenda kwa mhudumu wa dirisha lingine nikaomba anipime presha tu. Ikaja 138/88. Akaniuliza umetembea? Nikapumzika nusu saa nimeketi, akarudia, 126/80, akafuta ile ya kunakili akaandika hizi mbili na saa zake. Kwa hiyo ilikuwa salama, lakini ingekuwa sio salama je? Gloves, pamba, wembe, kibanio cha kitovu na mpira wa kulalia nilinunua mwenyewe duka la dawa, huduma inasemwa bure ila andaa hela, mimi ilifika kama elfu 25.

Wiki ya 39 usiku mtoto akawa kimya. Huwa nikishakula anapiga mateke balaa, siku hiyo hakuna. Nililalia ubavu wa kushoto, nikanywa maji, nikahesabu kama nilivyofundishwa, mateke 10 ndani ya saa 2, mimi nilipata 4. Mume akasema tusubiri kukuche. Nikamwambia sista alisema usisubiri kukuche. Bajaji, saa 5 usiku, tukafika, wakamsikiliza kwa muda mrefu, 136, wakanilaza mpaka asubuhi na akaanza kucheza mwenyewe kama vile alikuwa anatutania. Hakuna aliyenisema kwamba nimesumbua watu usiku. Hilo nalihesabu sana.

Siku nne baadae uchungu ukaja. Mwanzo ni ule wa uongo, tumbo linabana ukitembea linaachia, ute wenye damu kidogo, nikafua na nguo kabisa. Ulipoanza kuja kila dakika 5 na hauachii hata nikikaa tukaondoka. Saa 8 usiku niko mapokezi ya leba, njia imefunguka sentimita 5, na yule mkunga wangu mpole hayupo, yeye ni wa kliniki, wa leba ni wengine. Hili hakuna anayekuambiaga! Unajenga mazoea na mtu miezi yote halafu siku yenyewe unapokelewa na mtu hakujui. Alichofanya ni kuchukua kadi, akaisoma yote na tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika, akasema eeh damu ilikuwa chini wewe, presha ilipanda siku moja, kundi la damu hili hapa. Akaandaa kabisa. Nilizaa saa 12 kasoro asubuhi, binti, kilo 3.2, nikachomwa sindano ya paja ya kuzuia damu, akawa anakuja kila muda kunibonyeza tumbo kuona kama mfuko umekaza, inauma ile kuliko nilivyotegemea. Tukakaa siku moja na usiku wake, tukaruhusiwa.

Kwa hiyo ukienda pale, usiondoke kwenye kiti kabla hujasoma walichoandika kwenye kadi yako, hata kama husomi vizuri mwombe mwenzako wa benchi. Jumatatu usiende kama una uchaguzi, watu ni wengi mno, Alhamisi kunapumua. Beba maji na chapati yako. Na yule mkunga mtu mzima chumba chake ni cha mwisho kushoto, mlango wa bluu, ukikuta umefungwa ujue kaenda kunywa chai, msubiri anarudi.