Kuchomwa vitezi vya shingoni Guangzhou: daktari nyota tano, wodi nyota tatu

Niko kwenye mashine ya kusafisha damu mwaka wa saba sasa, mara tatu kwa wiki, saa nne nne kitini. Figo zikifa, fosfeti inapanda, kalsiamu inashuka, na vitezi vinne vya parathairoidi vinakurupuka kunyonya kalsiamu mifupani. Kitezi kizima ni kama punje ya mchele. Kimoja changu kilishafika harage. PTH, homoni ya vitezi hivyo, ilisoma 1,640, wakati mwenye figo zake hapiti 65 hivi. Mgongo nilikuwa najikuna kwa mwiko. Ngazi za stesheni ya Xiaobei nilizipanda nimeng'ang'ania bomba la pembeni. Vidonge vya sinakalseti, vya kuishusha hiyo PTH, vilinitapisha tu.

Kupasuliwa shingo nilikataa. Ndipo hapa Guangzhou, ninakofungasha mapazia ya Kariakoo, nikaambiwa wapo wanaochoma kwa sindano.

Nilikuwa macho muda wote. Ganzi, ultrasaundi shingoni, kisha wakajaza maji ya chumvi kuzunguka kitezi, joto lisije likaunguza neva ya sauti. Sindano ikaingia na mawimbi yale yale ya mikrowevu ya kupashia kiporo. Kila akichoma kidogo, daktari anataka niseme neno asikie sauti ipo. Kichina changu chote cha sokoni kikanikimbia. Nikahesabu moja, mbili, tatu kwa Kiswahili mpaka nesi akacheka. Walifanya upande mmoja, wa pili wiki iliyofuata. Nilitoka na plasta, basi.

Sasa wodi. Saa nane usiku midomo ikafa ganzi, vidole vikajikunja kama miguu ya kuku. Vitezi vikinyamaza, mifupa yenye njaa inafyonza kalsiamu yote ya damuni. Ni jambo linalojulikana kabisa, na hakuna aliyenitajia! Kengele niliibonyeza mara tatu ndipo wakaja na kalsiamu ya mshipani.

Kuwashwa kuliisha siku chache tu. PTH baada ya miezi mitatu ilikuwa 210, na naendelea kupima maana vinaweza kuota tena. Vidonge vya kalsiamu natembea navyo kwenye pochi kama peremende.

Ukienda, waulize kabisa nani atakupima kalsiamu usiku ule, na wa mashine uwaambie mapema wasikuwekee hepari, dawa ya kuzuia damu isigande.