Albamu za Rush: anza na ipi, na toleo gani usiliguse

Vapor Trails, albamu ya Rush, bendi ya roki ya Kanada, nimeinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliuziwa isiyo yenyewe, na hasira ya siku ile ndiyo iliyozaa mwongozo huu.

Muuzaji alikuwa ameandika "toleo jipya, sauti safi". Nilikuwa nimeitafuta CD hiyo kwa hamu kwa sababu ya kisa chake. Agosti 1997 Neil Peart, mpiga ngoma wa Rush na mwandishi wa mashairi yao, alifiwa na binti yake katika ajali ya gari. Hata mwaka haujaisha, mkewe naye akafariki kwa saratani. Neil akapanda pikipiki, akazunguka Amerika Kaskazini kilomita zipatazo 88,000. Wenzake wawili, Geddy Lee (mwimbaji na mpiga besi) na Alex Lifeson (mpiga gitaa), hawakumtafutia mbadala, walimngoja. Vapor Trails ya mwaka 2002 ndiyo albamu aliyorudi nayo.

Wimbo wa kwanza unafunguliwa na ngoma peke yake, miguu yote miwili ikikimbia. Kwa sekunde chache unasikia kila pigo. Kisha gitaa linaingia na ngoma zinazama. Zipo, lakini ni kama mtu anayeongea huku kafunikwa mto usoni. Matoazi yanageuka mchakacho mtupu. Geddy akipandisha sauti, spika zinakwaruza. Nilidhani spika zimekufa. Nikajaribu nyingine, nikavaa hedifoni, mkwaruzo ukawa ule ule.

Kumbe tatizo lilikuwa kwenye CD. Niliuziwa chapa ya kwanza, ile ya 2002, badala ya toleo lililofanyiwa kazi upya la 2013.

Hili ndilo kasoro ambalo mashabiki wakibishana kuhusu albamu bora ya Rush hawaligusi. Wanabishana kuhusu mashairi, kuhusu enzi za vinanda na enzi za gitaa, kuhusu albamu za 2112 na Moving Pictures. Mimi nauliza swali moja tu: ngoma za Neil zinapumua au zimebanwa? CD ina dari, sauti haiwezi kuvuka kiwango fulani. Tangu miaka ya 1990 kampuni za muziki zikawa zinashindana nani atatoa CD yenye kishindo zaidi, na njia ilikuwa kuzibana sauti zenye kishindo kikubwa kisha kuinua kila kitu hadi kigonge dari. Ukizidisha, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, na ule mkato ndio mkwaruzo unaousikia. Fungua wimbo wa Vapor Trails ya 2002 kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, utaona tofali. Fungua wa Moving Pictures, toleo la zamani, utaona milima na mabonde.

Sasa mpangilio wangu. Niseme wazi mapema: moyo wangu uko kwa Terry Brown, prodyuza aliyekuwa nao kuanzia Fly by Night ya 1975 hadi Signals ya 1982. Alijua kuacha nafasi kati ya ala na ala.

Ya kwanza ni Permanent Waves (1980). Najua wengi watanipinga. Isikilize Natural Science, wimbo wa humo, kwa hedifoni ukiwa peke yako. Inaanza na maji yakichapwachapwa, gitaa lisilo la umeme, na sauti ya Geddy ikiwa chini kabisa. Inachukua muda kabla bendi nzima haijalipuka, na ikilipuka unashtuka, kwa sababu ule ukimya wa mwanzo ulikuwa ukimya wa kweli. Albamu iliyobanwa haiwezi kukushtua hivyo. Ina nyimbo sita tu, dakika 35 hivi, na hilo lina faida yake kwa anayenunua santuri: upande mfupi unampa fundi nafasi ya kuchonga mifereji mipana, na sauti inatoka imeshiba.

Ya pili, Moving Pictures (1981). Ilirekodiwa Le Studio, Morin Heights, Quebec, palepale ilipozaliwa Permanent Waves, kando ya ziwa. Nyimbo zake mbili: Tom Sawyer kila mtu anaijua, siielezi. Nenda YYZ, ambayo mdundo wake wa kufungulia ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto zilizopigwa kwa alama za Morse. Besi ya Geddy na ngoma za Neil zinajibizana, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ningeweza kuiweka ya kwanza. Upande wake wa pili ndio ulioishusha, kwani kwangu una uzito kidogo kuliko wa kwanza.

Ya tatu na ya nne ni Hemispheres (1978) na A Farewell to Kings (1977), zote zilizorekodiwa katika studio ya Rockfield, Wales. Farewell inaanza na gitaa lililopigwa nje uani, na ndege unawasikia wakilia nyuma yake. Ukipata toleo ambalo ndege hao wanasikika wakiwa mbali, umepata toleo zuri. Wakisikika kana kwamba wamekaa kwenye spika, rudisha.

Ya tano ni Vapor Trails Remixed (2013). David Bottrill aliichanganya albamu nzima upya, yaani alipanga upya uwiano wa sauti za ala. Bendi yenyewe ilishakiri kwamba haikuridhika na sauti ya 2002, na mwaka 2009 nyimbo mbili zilikuwa tayari zimefanyiwa kazi upya kwenye mkusanyiko wa Retrospective 3. Humu hakuna vinanda, ni magitaa juu ya magitaa, na kwa mara ya kwanza niliweza kuyahesabu. Neil anasikika. Baada ya yote aliyopitia, alistahili kusikika.

Baada ya hapo inakuja 2112 ya mwaka 1976, na najua kuna watakaoiita dhambi kuiweka hapa. Heshima yake naijua: Caress of Steel, albamu iliyoitangulia, ilikuwa imeuzwa vibaya, kampuni ikataka nyimbo fupi, wao wakajibu kwa wimbo wa dakika 20 uliojaza upande mzima. Upande huo ni wa dhahabu. Wa pili ni wa kawaida. Counterparts (1993) ndiyo ninayoipendekeza katika za miaka ya 1990, ina gitaa zito na ngoma zinazopiga kifuani bila kukwaruza. Signals ina kasoro nyingine, vinanda vimemfunika Alex, na kuwa kazi ya Terry Brown hakuiponyi. Clockwork Angels (2012) ina nyimbo ambazo ningetoa chochote kuzisikia zimeachiwa hewa.

Mikusanyiko ya nyimbo maarufu ni rahisi. Inatosha kwa garini.

Kwa santuri, tafuta zile za gramu 200 za mwaka 2015, ambazo ziliandaliwa upya katika studio ya Abbey Road, London. Yale makasha makubwa ya kuadhimisha miaka 40 yana tamasha nzuri ndani. Kasha la Moving Pictures lina lile la Toronto la 1981, na tamasha hilo nalipenda sana. Lakini linaniudhi jambo moja: ukitaka tamasha unalazimika kununua tena na albamu ambayo tayari unayo, kwa CD na kwa santuri, pamoja na karatasi na mapambo. Shabiki aliyeinunua albamu hii miaka 40 iliyopita ndiye anayekamuliwa, kwa sababu wanajua hatakataa.

Na wauzaji wa mitandaoni! Wanapiga picha ya jalada la mbele tu. Hawaandiki mwaka wa chapa, hawaandiki namba ya katalogi iliyo kwenye mgongo wa kasha, halafu bei wanaweka ya toleo adimu. Nilimwandikia yule aliyeniuzia Vapor Trails, nikamweleza kwamba nilichoagiza ni kazi ya 2013. Akanijibu kwa maneno mawili: "Albamu ileile." Nikamtumia picha ya mawimbi, tofali upande mmoja na milima upande wa pili. Hakujibu tena, na pesa hakurudisha.

Siku hizi silipi kabla sijatumiwa picha ya mgongo wa kasha na ya nyuma. Kwa Vapor Trails natafuta neno Remixed na mwaka 2013. Muuzaji akisema hana muda wa kupiga picha, naye hana changu.