Asklepia ipi ununue kwa ajili ya bustani ya vipepeo: mwongozo kwa wenye bustani wa Marekani na Kanada

Mtu anayeingia katika kitalu cha maua nchini Marekani au Kanada mwezi wa Mei, akitafuta chakula cha viwavi wa kipepeo monarki, huelekezwa moja kwa moja kwenye vyungu vya asklepia, yaani mimea ya jenasi Asclepias, ambayo mingi hutoa utomvu mweupe jani linapokatwa. Lebo huwa na picha ya kipepeo na bei, basi. Mambo mawili ambayo mnunuzi anahitaji kuyajua kuliko yote, yaani kama spishi hiyo ni ya asili katika eneo lake na kama majani yake yana mabaki ya dawa ya wadudu, kwa kawaida hayaandikwi. Mwongozo huu unazipanga spishi zinazouzwa kwa kuzingatia mambo hayo, na mpangilio wake unatofautiana na ule wa maduka mengi, kwa sababu maduka hutanguliza ua linalovutia macho ilhali kipepeo jike hutafuta jani.

Kiwavi wa monarki, Danaus plexippus, hawezi kukua kwa chakula kingine isipokuwa asklepia na jamaa zake wachache wa karibu. Sumu ziitwazo kadenolidi, zilizomo ndani ya majani, hubaki mwilini mwake na kumfanya awe mchungu kwa ndege hata baada ya kuwa kipepeo. Jike mmoja hutaga kati ya mayai 300 na 500, akiyabandika moja moja, na kila kiwavi hula kwa muda wa karibu wiki mbili kabla ya kuwa pupa. Zamani asklepia zilimea kwa wingi katikati ya mistari ya mahindi na soya ya majimbo ya kati ya Marekani, lakini tangu mazao yanayostahimili dawa ya magugu yaanze kupandwa mwaka 1996, zimetoweka katika sehemu kubwa ya mashamba hayo. Mwezi Desemba 2024 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilipendekeza monarki aingizwe katika orodha ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Hali ikiwa hivyo, bustani za nyumbani zina kazi ya kweli ya kufanya, na mche mbaya una madhara ya kweli.

Nchi hizo mbili zina spishi za asili zaidi ya 70, na hakuna hata moja inayofaa kila mahali. Ndiyo maana nimeanza na eneo kubwa la mashariki na kati, ambako kuna bustani nyingi zaidi, kisha nikaenda magharibi na kusini.

Mashariki na kati ya bara

Nafasi ya kwanza naipa Asclepias incarnata, asklepia ya kinamasi. Kwa asili huota kwenye kingo za mito na mabonde yenye maji, lakini hukubali udongo wa kawaida wa bustani mradi usikauke kabisa, na hustahimili udongo mzito wa mfinyanzi ambao mimea mingine hufia. Hufikia urefu wa kati ya sentimita 90 na 150, hutoa maua ya waridi mnamo Julai na Agosti, na husimama kwenye kichaka kimoja bila kutambaa hadi kwenye kitanda cha jirani. Sifa hiyo ya mwisho ni kubwa kwa mwenye bustani ndogo. Sifa kubwa zaidi ni kwamba majike huipenda: katika majaribio ambapo spishi kadhaa zimewekwa pamoja, incarnata huwa miongoni mwa zile zinazopokea mayai mengi kuliko zote. Aina zake zilizochaguliwa na wakulima wa maua, kama ‘Ice Ballet’ yenye maua meupe na ‘Cinderella’ yenye maua ya waridi, si za kuogopwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky uliochapishwa mwaka 2020 uliona kuwa aina za namna hiyo ziliwafaa viwavi sawa na mimea ya kawaida ya spishi hiyo.

Ya pili ni Asclepias syriaca, asklepia ya kawaida, ambayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina la Siria kwa kudhani ilitoka huko ingawa ni mmea wa Amerika ya Kaskazini. Kwa kiwavi, huu ndio mmea wenye chakula kingi kuliko yote: majani mapana, manene, kwenye shina linaloweza kumfika mtu kifuani au zaidi, pamoja na maua yenye harufu tamu inayovuta nyuki na vipepeo wa kila aina. Ningeiweka ya kwanza bila kusita kama kila mnunuzi angekuwa na uwanja mpana. Tatizo ni mashina yake yanayosambaa chini ya ardhi, ambayo huchomoza mita kadhaa kutoka pale ulipoipanda na hurudi kila yanapong'olewa. Katika uwanda wa nyasi, ukingo wa shamba au kona iliyoachwa pori, huko kusambaa ni faida. Katika kitanda cha mita mbili mbele ya nyumba, baada ya misimu michache hutakuwa na mmea mwingine wowote. Kabla ya kununua, soma pia sheria ya eneo lako kuhusu magugu, kwa sababu katika sehemu fulani mmea huu umewahi kuorodheshwa miongoni mwa magugu yanayopaswa kuharibiwa. Jimbo la Ontario liliuondoa katika orodha yake mwaka 2014.

Ya tatu ni ile ambayo vitalu huiweka ya kwanza, Asclepias tuberosa, yenye maua ya rangi ya chungwa. Ilichaguliwa kuwa mmea wa kudumu wa mwaka 2017 na chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani, nayo ilistahili: haizidi sana sentimita 75, haisambai, hustahimili ukame na hupenda udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka. Hata hivyo utomvu wake si maziwa bali ni maji, kadenolidi zake ni chache, na majani yake yenye vinyweleo hupokea mayai machache kuliko ya incarnata na syriaca. Ninaipendekeza kwa dhati kama ua la nekta na kama mmea wa kukamilisha kitanda. Mtu anayeinunua peke yake, akitumaini kuona viwavi wengi, huenda akangoja sana.

Kwa mahali pakavu na pembamba, Asclepias verticillata yenye majani kama nyuzi ni chaguo zuri, hasa kwa kuwa huendelea kutoa maua mwishoni mwa majira ya joto wakati nyingine zimemaliza, ingawa nayo husambaa na ni sumu kali kwa mifugo. Mwenye bustani ya kivuli chini ya miti ya mashariki atafute Asclepias exaltata, ambayo ni karibu pekee kati ya hizi kustawi bila jua la siku nzima. Haipatikani katika kila kitalu, lakini inafaa kutafutwa.

Magharibi, Texas na Florida

Magharibi ya Milima ya Rocky mpangilio wote unabadilika. Katika majimbo mengi ya huko ya kwanza ni Asclepias speciosa, yenye maua makubwa mfano wa nyota na majani mapana ya kijivu, ambayo kwa tabia ni ndugu wa syriaca, kusambaa kukiwemo. California, ya kwanza ni Asclepias fascicularis, yenye majani membamba, inayostahimili kiangazi kirefu na kuishi hata kwenye bustani ndogo. Sharti moja halina budi kuzingatiwa hapo. Shirika la Xerces, linalohifadhi wadudu, linashauri kwamba watu wa pwani ya kati na ya kaskazini ya California wasipande asklepia yoyote ndani ya maili 5, yaani kilomita 8 hivi, kutoka kwenye miti ambako monarki hukaa majira ya baridi, kama ile ya Pacific Grove, kwa sababu kwa asili hazikuwa zikiota karibu hivyo na bahari na zinaweza kuwafanya vipepeo waanze kuzaa wakati ambapo wanapaswa kupumzika. Mkazi wa huko anunue maua ya asili yenye nekta badala yake.

Texas na Oklahoma ndiyo majimbo ya kwanza kuguswa na vipepeo wanaorudi kutoka misitu ya milimani ya Michoacán nchini Mexico, mwezi wa Machi na Aprili, na mayai ya kizazi cha kwanza cha mwaka hutagwa huko. Spishi zinazokuwa tayari zimechipua wakati huo ni Asclepias asperula na Asclepias viridis. Zote mbili hukua polepole, zina mizizi mirefu isiyopenda chungu, na kwa hiyo vitalu vya kawaida huziepuka. Mnunuzi anapaswa kuagiza mbegu au miche midogo kwa wauzaji wa mimea ya asili na kuwa na subira ya miaka miwili au mitatu. Naona subira hiyo ina thamani kuliko vyungu kumi vya mmea unaochanua leo lakini usiofaa. Florida, pamoja na incarnata na tuberosa, kuna Asclepias perennis ya mahali penye majimaji, ambayo ni ndogo na yenye adabu bustanini.

Usizozinunua

Asclepias curassavica, asklepia ya tropiki yenye maua mekundu na manjano, ndiyo rahisi kuotesha na ndiyo inayojaa madukani kusini mwa Marekani. Asili yake ni Mexico, visiwa vya Karibi, Amerika ya Kati na ya Kusini. Viwavi huila kwa furaha, na hapo ndipo mtego ulipo. Spishi za asili hukauka majira ya baridi, nazo hukauka pamoja na spora, yaani chembe za kuzaliana, za kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, ambacho vipepeo wagonjwa hukimwaga juu ya majani na viwavi hukimeza wanapokula. Mahali pasipo na jalidi, asklepia ya tropiki huwa na majani mwaka mzima, spora hulundikana, na vipepeo wengine huacha kuhama wakabaki wakizaliana hapo hapo. Baadhi ya kaunti za California zimepiga marufuku uuzaji wake. Aliye nayo tayari na hawezi kuing'oa aikate hadi sentimita 15 kutoka ardhini kila majira ya mapukutiko na kuendelea kukata machipukizi hadi baridi iishe.

Lebo nyingi hazitaji spishi, hivyo mnunuzi ajifunze kuitambua. Tuberosa ina majani yenye vinyweleo yaliyopangwa kwa kupishana, na ukichuma jani moja hutaona maziwa. Curassavica ina majani laini yanayotazamana na maziwa hutoka mara moja. Kabla ya kuchanua, curassavica hufanana sana na incarnata, na hapo jina la kisayansi ndilo pekee la kutegemewa. Muuzaji asipolijua, usinunue. Epuka pia mimea itambaayo ya Ulaya ya jenasi Vincetoxicum, ambayo monarki huitagia kwa kukosea na viwavi wake hufa.

Kabla ya kulipa

Spishi sahihi yenye dawa ndani yake ni mbaya kuliko kutonunua chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulipima sampuli 235 za asklepia zilizonunuliwa katika vitalu 33 vya Marekani na kukuta viuatilifu 61 tofauti kwa jumla. Muulize muuzaji kama mmea umewahi kupewa neonikotinoidi, aina ya dawa za wadudu ambazo huingia ndani ya tishu na haziondoki kwa kuosha, na uulize pia kuhusu mkulima aliyemletea miche, kwa kuwa dawa nyingi hutiwa kabla mmea haujafika dukani. Jibu la kubabaika lichukulie kuwa ni ndiyo. Vidukari wachache wa manjano kwenye mashina, ambao wanunuzi wengi huwakimbia, kwangu ni dalili njema kwamba mmea haujatiwa dawa. Huondolewa kwa maji ya bomba.

Kwa bei, chungu kikubwa mara nyingi huzidi dola 10 na kiasi kikubwa cha fedha hiyo ni ya plastiki na udongo. Miche midogo ya trei ni nafuu, hushika mizizi vizuri zaidi, na kwa tuberosa yenye mzizi mkuu mrefu ndiyo bora. Monarch Watch, mradi wa Chuo Kikuu cha Kansas ulioanza mwaka 1992, huuza miche inayolingana na eneo la mnunuzi. Mbegu hugharimu dola chache kwa pakiti, lakini karibu zote za asili zinahitaji baridi: zipande majira ya mapukutiko, au uziweke kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu kwa wiki 4 hadi 6.

Nunua angalau mimea 10 ya spishi mbili au zaidi, kiwango ambacho Monarch Watch yenyewe inakipendekeza, kwa sababu viwavi wachache tu humaliza mmea mmoja mchanga. Ipande pembezoni mwa bustani, ionekane kutoka nje, badala ya kuificha katikati ya maua mengine; watafiti wa Kentucky walikuta mayai na viwavi mara 2.5 hadi 4 zaidi katika bustani zilizopangwa hivyo. Vaa glavu unapoikata, kwa kuwa utomvu huumiza macho vibaya, na usiipande mahali ambapo farasi au kondoo wanafika. Majira ya machipuko yanayofuata, usiichimbe tuberosa ukidhani imekufa: huchelewa kuchomoza kwa wiki kadhaa kuliko mimea iliyo jirani nayo, kwa hiyo iwekee kijiti cha alama tangu siku ya kuipanda.