Ukiambiwa "hii ni i7", uliza ina viini vingapi: mashine za mtumba nilizozipanga

Mwenzenu nilipigwa. Nilitoka Sakina, hapa Arusha, na laki saba kwenye mkoba, nikapanda kifodi mpaka Mnara wa Saa, nikaingia duka moja la mashine za mtumba ambalo jina lake nalihifadhi. Dakika ishirini baadaye nilikuwa barabarani na kompyuta mpakato nyembamba ya rangi ya fedha, ina stika ya bluu imeandikwa i7, yaani daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel. Muuzaji aliigonga ile stika kwa ukucha, tap tap, akaniambia, "Dada angu, hii ni i7. i5 ni za wanafunzi." Nami mtu mzima na akili zangu nikaamini.

Kazi yangu ni kupanga safari za wageni. Kwa siku nakuwa na kurasa thelathini za intaneti, WhatsApp kwenye kioo, jedwali la bei za hoteli, na simu za video na watu walioko Ulaya. Siku ya tatu tangu ninunue nilikuwa naongea na mume na mke wanaotaka kwenda Serengeti. Nikafungua jedwali ili nisome bei. Feni ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga mahindi, picha yangu ikaganda mdomo ukiwa wazi, nikabaki nasikia tu, "Hello? Hello?" Wale wageni sikuwapata tena.

Nikaipeleka kwa fundi Kaloleni. Hakufungua hata skrubu moja. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akaingia kwenye ukurasa wa utendaji, akaweka kidole kwenye kioo pale palipoandikwa Cores. Mbele yake palikuwa na namba 2. "Dada, hii i7 yako ina viini viwili. Hiyo i5 yangu hapo ina vinne."

Tangu niandike habari hiyo kwa kifupi nimepokea ujumbe mwingi, na malalamiko yanafanana. Mama mmoja wa Moshi kamnunulia binti yake anayeanza chuo "i7 kali", mwezi haujaisha mashine imekataa kupokea Windows 11. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia ukubwa wa kioo, wala rangi, wala kama kibodi inawaka taa usiku. Hayo unayaona mwenyewe dukani. Mimi nina neno moja tu, viini, na nitalirudia mpaka mchoke.

Kiini (core) ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi, ni kama mpishi jikoni. Ukiwa na wapishi wawili na oda thelathini, hata wawe hodari namna gani, wageni watangoja. Sasa iweje kitu kinachoitwa i7 kiwe na wapishi wawili? Hapo lazima niwapeleke California kidogo, kwa sababu stika zinazotuumiza Arusha zilizaliwa kwenye ugomvi wa kampuni mbili za huko.

Intel ilianzishwa 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ikafuata 1969, ikiongozwa na Jerry Sanders. Wote watatu walitoka nyumba moja, kampuni ya Fairchild, kwa hiyo huu tangu mwanzo ni ugomvi wa ndugu. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 ilichagua prosesa ya Intel, 8088, lakini haikutaka kutegemea muuzaji mmoja. Intel na AMD wakatia saini mkataba 1982, AMD nayo ikawa inatengeneza prosesa za aina ileile. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipokuja 386 mwaka 1985. Intel ikakataa kumpa mwenzake michoro. Wakapelekana mahakamani miaka na miaka, na AMD ikaingiza 386 yake sokoni mwaka 1991.

Sasa angalia kilichofuata. Namba 386 haikuweza kulindwa kama jina la biashara, kila mtu aliweza kuiandika. Intel ikaona dawa ni mbili: kubandika stika yake kwenye kompyuta za kampuni nyingine, kampeni iliyoanza mwaka huohuo wa 1991, na kuachana na namba, ndipo 1993 likazaliwa jina Pentium. Ile stika aliyoigonga muuzaji wangu kwa ukucha ina ukoo mrefu hivyo. Iliwekwa ili usimnunue jirani. Kazi ya kukueleza kilichomo ndani haikupewa kamwe.

Mtego wa pili nao una historia. Muuzaji alinionyesha pia kwamba mashine yangu ina GHz 2.80 (mapigo ya prosesa, kwa mabilioni kila sekunde) na ile ya jirani yake ina 1.70 tu. Ni kweli. Yangu ni i7-7600U, ya jirani i5-8350U. Lakini kasi hiyo ni mwendo wa mpishi mmoja, na tena ni mwendo wa kuanzia tu, maana zote mbili zikibanwa na kazi zinapanda kupita GHz 3.5. Kampuni hizi zilishindana kwa namba hiyo mpaka zikachoka: AMD iliitangaza prosesa ya GHz 1 tarehe 6 Machi 2000, Intel ikaja siku mbili baadaye. Kisha Intel ikatoa Pentium 4, yenye GHz nyingi lakini inayofanya kazi kidogo kwa kila pigo. AMD ikalazimika kuziita zake kwa majina kama Athlon XP 1800+, ilhali mwendo wake halisi ulikuwa GHz 1.53, ili wanunuzi wasiidharau. Muuzaji anayekusomea GHz leo bado yuko 2001, hajaambiwa kuwa watu wameshaondoka.

Napendelea AMD, nisiwafiche. Sababu mojawapo ni hii: mfumo wa biti 64 ambao mashine zetu zote hizi zinautumia ulitoka kwao mwaka 2003, na Intel ikaufuata 2004. Ukipakua Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, ya kuweka kwenye mashine ya Intel utaona faili limeandikwa amd64. Ndiyo hiyohiyo, usiogope. Sababu nyingine ni moyo tu. Kamisheni ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 mwaka 2009 kwa masharti iliyowapa watengenezaji wa kompyuta, na mwaka huohuo Intel ikailipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao. Faini ya Ulaya mahakama iliifuta 2022, niseme haki. Lakini zile dola zilikwishalipwa.

AMD nayo iliharibu. Mwaka 2011 ilitoa prosesa za Bulldozer zilizokula umeme na kukimbia kama kobe, na kwa miaka kadhaa Intel ikakosa mpinzani. Matokeo yake ndiyo haya yaliyojaa kwenye meza za mtumba: mashine nyembamba za ofisi kizazi baada ya kizazi, i5 kwa i7, zote viini viwili. Ryzen ya AMD ilitoka Machi 2017, ile kubwa ya mezani ikiwa na viini vinane. Agosti ya mwaka huohuo Intel ikatoa kizazi cha nane kwa kompyuta mpakato, na ghafla i5 nyembamba ikawa na viini vinne. Sadfa? Mimi siamini sadfa za namna hiyo.

Mpaka wetu basi ni kizazi cha nane. Chini ya hapo, ukiona herufi U mwishoni mwa namba ya Intel, ni viini viwili hata stika iseme nini. Tena Windows 10 ilikoma kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanza na kizazi hichohicho cha nane, ukiacha prosesa chache za kizazi cha saba. Kizazi unakisoma baada ya kistari: i5-8350U ni cha nane, i5-10310U cha kumi, i5-1135G7 cha kumi na moja.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja, bila aibu, ni Ryzen 5 PRO 4650U. Viini sita, vinavyoshika kazi kumi na mbili kwa mpigo. Itafute ndani ya HP EliteBook 845 G7 au ThinkPad T14 ya kwanza ya AMD. Ndiyo ninayoandikia sasa hivi, ya 845. Nina kurasa zangu thelathini, simu ya video inaendelea, na feni nasikia tu nikisogeza sikio. Kitu kimoja uangalie: sehemu ya Ryzen inayochora picha kwenye kioo inaazima RAM (kumbukumbu ya muda) ya mashine, kwa hiyo vipande viwili vya GB 8 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16. Mwambie fundi afungue kifuniko mbele yako. Kwenye T14 kipande kimoja kimechomelewa kwenye bodi, hicho hakibadilishwi. Tabu ni kuipata. Nilizunguka Arusha wiki mbili, kila duka ni Intel, Intel, Intel. Wauzaji wengine wanasema AMD "inachemka". Hiyo ni sifa ya miaka ya Bulldozer, mwenyewe alishakufa, sifa bado inatembea.

Namba mbili ni ThinkPad T480 yenye i5-8350U au 8250U. Si AMD na bado naiheshimu. Ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje unayoichomoa, jambo ambalo kwa umeme wetu halihitaji maelezo. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 ziko hapohapo. Lakini shika ile tarakimu ya mwisho kwa mikono miwili: 840 G3 na G4 ni vizazi vya sita na saba, viini viwili, na kwa sura zinakaribiana mno na G5. Mtu akikuambia "hizi zote ni 840" aga uondoke.

Namba tatu ni zenye i5-1135G7. Ni nzuri, uwezo wake wa kuchora picha ni bora kuliko wa kizazi cha nane, ila viini ni vinne vilevile na kila niliyemuuliza alitaka laki mbili hadi tatu zaidi. Kama unahariri video, lipa. Kama unaandika barua na kupiga hesabu, hizo pesa kanunulie SSD (diski ya kasi) na betri mpya.

ThinkPad T495 yenye Ryzen 5 PRO 3500U naiweka ya nne, viini vinne. Mkipatana bei, chukua.

Za bei rahisi, Celeron na wenzake: hapana. Zile i3 za viini viwili ambazo zipo hata kwenye vizazi vya kumi na kumi na moja, hapana pia. Na wapenzi wa MacBook mnisamehe, bei zenu nilizisikia nikakaa chini.

Nisiipendelee AMD mpaka nidanganye. Nao wameanza mchezo wa majina. Ryzen 5 7520U ya mwaka 2022 inaonekana mpya kwa ile 7 ya mbele, ndani ina viini vinne vya muundo wa Zen 2, muundo uleule wa 4650U yangu yenye sita. Namba kubwa, wapishi pungufu. Kwa hiyo hata kwao, Ctrl, Shift, Esc.

Na hapo ndipo ninapokwaruzana na wauzaji. Ukisema "washa niangalie", utaambiwa chaji haipo, iko kwa mwenzangu. Ukisubiri chaji, utaambiwa Windows inajisasisha. Duka moja walitaka nilipe kwanza ndipo waiwashe! Bei ya kwanza niliyotajiwa mimi na aliyotajiwa kaka yangu nusu saa baadaye, mashine ileile, meza ileile, zilipishana elfu themanini. Ukitaka risiti ya EFD, bei inapanda, kana kwamba risiti ni kifaa cha ziada kama mausi. Dhamana ni wiki moja, na hiyo wiki inaanza kuhesabiwa kwa namna ambayo ukirudi siku ya sita imeshapita. Mimi yangu niliirudisha siku ya nne. Jibu nililopewa: "Dada, si uliomba i7? Hii si i7?"

Siku hizi naenda na chaji yangu ya USB-C kwenye mkoba. Mashine nyingi za kuanzia 2018 katika orodha hii zinaipokea, na kisingizio cha kwanza kinakufa hapohapo.

Ile i7 ninayo bado. Nimeiweka kwenye statasi laki tatu na nusu, na nimeandika wazi: i7-7600U, viini viwili, betri saa moja na nusu, haiingii Windows 11. Wameuliza watu tisa mpaka jana usiku. Wanane wameuliza kama naweza kupunguza, na mmoja ameuliza kama ile stika bado ipo.